Cherehani ya bibi isiende kwa vyuma chakavu

Mlango Mmoja, Mwanza

Mpendwa Kabula,

Habari za Nansio? Mama na watoto hawajambo? Huku sisi wazima. Mvua zinanyesha, sokoni tope tupu, ila kazi ipo, maana shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi anataka sare ya mwanawe iwe tayari jana.

Picha za cherehani ya bibi yako nimezipata. Uliomba nikujibu kwa sauti, lakini mambo ya cherehani ukiyasikiliza kwenye simu, likifika la tatu la kwanza limeshapotea. Ndiyo maana nimeandika. Barua hii imo kwenye kifurushi pamoja na sindano, bobini (vile vigurudumu vya uzi wa chini), brashi na kichupa cha mafuta. Ibandike ukutani karibu na mashine.

Kwanza mjomba. Mwambie asithubutu kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Chuma kile kikipimwa kwa kilo utapata hela ya mboga, halafu utakuja kununua cherehani mpya ya plastiki ambayo jinzi ikikunjwa mara nne inalia. Na yule kijana aliyekuja kuuliza kama ndani yake kuna "madini", mfukuze kwa adabu. Uvumi huo si wa kwetu. Mwaka 2009 ulivuma Saudi Arabia kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani, watu wakawa wanasogeza simu karibu na sindano eti mtandao ukikatika ndiyo dalili, na bei zikapanda kupita akili. Hakuna kitu humo, Kabula. Kuna chuma, mafuta yaliyoganda na vumbi la pamba la miaka mingi. Anayekuja na habari hizo ama ametapeliwa au anataka kutapeli.

Sasa ni mashine gani hiyo? Usiangalie rangi nyeusi na maua ya dhahabu peke yake, maana Butterfly za Kichina nazo zinafanana vilevile. Angalia kibati kidogo kwenye nguzo, halafu namba iliyogongwa kwenye chuma cha chini, upande wa kulia. Kwenye picha yako namba inaanza na herufi mbili, ya kwanza E. Hizo ni za kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kile kilichofungwa mwaka 1980, na herufi mbili za namna hiyo zilitumika kati ya miaka ya 1930 na 1960. Basi bibi yako hakudanganya aliposema aliikuta kwa mama mkwe wake. Ila usitegemee kwamba uzee utaipandishia bei. Zilitengenezwa nyingi mno. Thamani yake ni kushona.

Kilicho muhimu kuliko umri ni aina, kwa sababu vipuri hununuliwa kwa aina. Fungua kule chini upande wa kushoto. Ukikuta bobini imesimama wima ndani ya kesi yake, unayoichomoa kwa kuinua kiulimi, hiyo ni Singer ya aina inayoitwa 15, na kwa jinsi kichwa, yaani mashine yenyewe bila meza, kinavyoonekana nadhani ndiyo hiyo. Kama bobini inalala chini ya kibati cha kuteleza mbele ya sindano, ni 66 au ndugu yake mdogo, 99. Kama ndani kuna chuma kirefu kilichochongoka mithili ya mtumbwi, hiyo ni ya zamani zaidi na vipuri vyake utasumbuka. Bobini za 15 zina pande bapa, za 66 zina pande zilizobinuka kidogo, na hazibadilishani hata kama muuzaji atakuapia. Nilizokutumia ni za 15. Uzuri wa 15 ni kwamba Wachina waliiiga, kwa hiyo kesi ya Butterfly kwa kawaida inaingia. Hata hivyo ukienda kununua nenda na ile ya zamani mkononi, uzilinganishe kile kidole cha juu, kwani kuna zinazoelekeza kidole upande mwingine.

Umesema gurudumu haligeuki kabisa. Hapo ndipo watu wengi huiua mashine, kwa sababu huanza na nguvu, au huanza kufungua skrubu zote wanazoziona. Usifungue chochote kinachoshikilia mtambo wa ndani. Mashine hizi hugoma kwa uchafu mara nyingi kuliko kwa kuharibika, na uchafu hautaki bisibisi.

Toa sindano. Toa kesi ya bobini. Fungua sahani ya chuma iliyo chini ya sindano uone meno yanayosukuma kitambaa. Utashangaa: pamba imeshindiliwa katikati ya meno mpaka imekuwa ngumu kama kizibo. Ichokonoe kwa pini, upige brashi. Kisha angalia kule kwenye ile ndoano inayozunguka na kunasa uzi. Kipande kimoja cha uzi kikijisokota humo, mashine nzima inakwama na mtu anaapa imekufa. Ndoano hiyo inatoka kwa kufungua ringi inayoishikilia. Piga picha kabla ya kuitoa, ili irudi jinsi ilivyokuwa.

Kama bado ni ngumu, basi ni mafuta yaliyoganda. Bibi Mungu amrehemu, lakini nina hakika kuna mtu alitia mafuta ya kula. Yanakauka yakawa gundi. Chukua mafuta ya taa, udondoshee kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, juu, ubavuni na chini ukikilaza kichwa nyuma. Iache ilale. Asubuhi shika gurudumu, lipeleke mbele kidogo na nyuma kidogo, bila kulazimisha, bila nyundo. Ongeza, subiri tena. Inaweza kuchukua siku kadhaa na si vibaya. Fanya hivyo mbali na jiko, tafadhali. Ikishalegea, futa weusi wote unaotoka na utie mafuta ya cherehani kila mahali ulipotia ya taa. Hili usiliruke: mafuta ya taa yanaosha, hayalainishi, na ukishona hivyo vyuma vitalana.

Maua ya dhahabu yafute kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani tu. Spiriti inayeyusha vanishi iliyoyafunika na yataondoka mbele ya macho yako.

Kuna kidude kingine kitakachokuchanganya. Ile nati kubwa katikati ya gurudumu inalegezwa wakati wa kujaza bobini, ili gurudumu lizunguke na sindano itulie. Ukiitoa yote kuisafisha utakuta washa, kile kiringi chembamba cha chuma, yenye masikio mawili. Ukirudisha na ukaona haikazi au hailegei inavyotakiwa, igeuze washa nusu mzunguko. Ndiyo dawa yake.

Sasa kushona. Sindano nilizotuma ni za kawaida za nyumbani, zenye upande mmoja bapa kwenye shina. Za duara zinazouzwa kwa ajili ya mashine za kiwandani usizinunue. Kwenye pakiti kuna namba mbili, 90/14, maana yake unene wa milimita 0.9. Hiyo inatosha vitenge na sare. Za 100/16 ni za jinzi. Isukume juu mpaka mwisho ndipo ukaze. Kama hujui bapa iangalie wapi, pitisha kucha kwenye sindano: kuna mfereji mrefu upande ulio kinyume na bapa, na uzi huingia kutokea upande wa mfereji. Mashine ikiruka mishono, jambo la kwanza ni sindano, la pili ni sindano. Ilaze upande wa bapa juu ya kioo. Ikiwa imepinda utaona mwanga haulingani chini yake.

Kupitisha uzi, inua kwanza mguu unaobana kitambaa. Ukiwa chini, vile visahani vya tensheni, yaani vya kukaza uzi, vinakuwa vimebana na uzi unakaa juu juu bila kuingia. Matokeo yake ni fundo la nyuzi chini ya kitambaa, na kila mtu anaanza kulaumu bobini. Tatizo linaloonekana chini kwa kawaida liko juu. Ukitaka uhakika, weka uzi mwekundu juu na mweupe chini, ushone kipande cha kitambaa cha pamba. Vitanzi vyekundu upande wa chini, kaza tensheni ya juu. Vyeupe vikichungulia juu, ilegeze. Ya kesi ya bobini ina kiskrubu kidogo sana, usikiguse kabla ya kuijaribu: ining'inize kesi kwa uzi wake, utikise mkono kidogo. Ishuke kidogo, isimame. Ikiporomoka yote imelegea, isipotikisika imekaza.

Gurudumu siku zote linakuja kwako. Zoea kukanyaga bila uzi kwanza, maana miguu ikikosea likarudi nyuma, uzi unajisokota kulekule ulikotoka kusafisha.

Unyevu wa ziwa unaujua mwenyewe. Ukimaliza kazi acha kipande cha kitambaa chini ya mguu wake, tone la mafuta kwenye ndoano, na uifunike, hasa usiku ambao wale wadudu wa ziwani wanavamia taa. Wakinasa kwenye mafuta wanaacha uji mweusi.

Mkanda usinunue bado. Pima kwa kamba kuzunguka magurudumu yote mawili uniambie urefu, nitakutafutia wa ngozi hapa. Na ikiwa umefanya yote haya na bado inaruka mishono, basi huenda ndoano na sindano zimeachana wakati. Hapo usijaribu mwenyewe. Meza ibaki huko, kichwa peke yake kinatoka kwenye bawaba zake. Mpe mjomba apande nacho meli mpaka hapa, nitakiangalia.

Sindano na mafuta ni zawadi. Bobini nakudai, na malipo ni dagaa wa huko wakavu, wasio na mchanga.

Msalimie mama sana.

Rafiki yako,
Nyamizi