Ile haikuwa karanga

Mwanangu mpenzi,

Jana tulipokuwa tunaongea kwenye simu nilisikia kitu kinavunjika mdomoni mwako, kra, kra. Nilipouliza, ukasema ni karanga. Karanga hailii vile, mama. Nimekaa wodi ya wazazi miaka 31, barafu ikitafunwa na mjamzito kama wewe naijua. Sikutaka kukuaibisha mbele ya mkwe wangu, ndiyo maana nikageuza maneno, nikauliza habari za mvua za huko Dodoma.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata baba yako kalijua juzijuzi tu. Mimba yako niliibeba nikiwa kazini, kituo cha afya huku Tanga. Asubuhi nasimama mbele ya akina mama waliokuja kliniki, nawahubiria: acheni pemba, udongo huo wa kula una mayai ya minyoo, mwingine una madini ya risasi, halafu unayakamata madini chuma tumboni yasiingie mwilini. Nayasema yote hayo huku kwenye mfuko wa sare nina vipande vitatu vya pemba, nimevikunja kwenye gazeti. Wala haikuwa njaa. Ilikuwa ile harufu. Unaijua mvua ya kwanza inavyolipiga vumbi baada ya kiangazi? Basi hiyo hiyo, ila mimi niliitaka mdomoni. Mate yakinijaa naaga naenda chooni, namega kipande, narudi.

Siku moja nampima presha mama mmoja, mimba yake ya tano, akaniangalia usoni akasema polepole: "Nesi, futa mdomo, una unga." Hakuongeza neno. Nikafuta. Tulicheka wote wawili hadi foleni ikageuka kututazama. Alipotoka nikaingia maabara nikatoe damu. Wingi wa damu ulikuwa 8.4, na mjamzito akiwa chini ya 11 huyo ana upungufu wa damu. Mimi mkunga, nagawa vidonge vya kuongeza damu kila siku, vyangu vimelala kwenye droo kwa sababu vinanichefua.

Kula udongo, barafu, mkaa au mchele mbichi kuna jina lake la kitabibu: pika. Ni jina la Kilatini la ndege mmoja wa jamii ya kunguru, aliyedhaniwa hula chochote anachokiona. Darasani tulikuwa tunacheka, maana kwetu sisi ni kama mtu anafukuzwa aende jikoni.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba barafu ni maji matupu, haina chuma hata chembe. Lakini watu wengi wanaoitafuna mchana kutwa, ukiwapima unakuta chuma kimewaishia mwilini. Na wakianza vidonge, hamu ile mara nyingi hukatika upesi, hata kabla damu haijapanda sawasawa. Wapo wanaodhani baridi ile humchangamsha mtu aliyechoka kwa kukosa damu. Mimi pemba ilinitoka kama wiki mbili baada ya kuanza kumeza vidonge, sikuiaga. Nilikuta kipande mfukoni siku ya kufua, nikakitazama kama kokoto.

Usije ukadhani kila hamu ndivyo ilivyo. Chuoni tulisimuliwa kisa cha mtoto wa Marekani, wa miaka mitatu na nusu, ambacho watafiti Wilkins na Richter walikiandika mwaka 1940. Mtoto huyo alikuwa anakula chumvi kama wenzake wanavyokula sukari, na "chumvi" ni katika maneno ya kwanza aliyoyatamka. Nyumbani walimwacha ale. Alipolazwa akapewa chakula cha kawaida cha wodini, na siku ya saba akafariki. Kumbe tezi zilizokaa juu ya figo zake zilikuwa zimeharibika, chumvi yote inatoka na mkojo, na ile aliyokuwa anailamba ndiyo iliyomweka hai. Nimezalisha watoto sijui wangapi, lakini huyo ambaye sikumwona ndiye ninayemkumbuka nikisikia mtu anasema mjamzito anadeka.

Yule alitaka kitu kile kile alichopungukiwa. Wewe unataka barafu, na unachopungukiwa huenda ni kingine kabisa. Na embe bichi na pilipili uliyomtuma mumeo saa nne usiku? Hapo sina la kumtetea wala la kukusema. Ukali wake unakutuliza kichefuchefu, mate yanakimbia, basi. Hamu nyingine ni saa tu na mazoea. Mwezi wa Rajabu nani anauwaza uji wa pilipili manga? Ngoja Ramadhani, saa kumi na moja jioni, jirani afunue sufuria. Mwili haujapungukiwa uji, umekariri saa na harufu.

Bibi yako alikuwa akisema mjamzito akinyimwa anachokitamani mtoto huzaliwa na alama. Mimi nilikula pemba mpaka nikaonwa, na bado una ile baka chini ya sikio. Nilipomwambia akajibu, "Basi kuna kingine ulinyimwa." Bibi yako hakushindwa kitu.

Kesho nenda kliniki, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Waambie wakupime wingi wa damu, na uwaambie habari ya barafu bila kuona haya. Nesi anayekuuliza huenda naye ana kitu mfukoni. Vidonge vikikuchefua meza usiku unapolala. Chai usinywe pamoja na chakula, acha ipite kama saa moja, maana chai nayo inazuia chuma. Baba yako amepakia machungwa ya Muheza kwenye kiroba, yatakuja na basi la Alhamisi. Kula moja pamoja na kidonge.

Majibu yakitoka nipigie, na safari hii uwe umemeza kwanza.

Mama yako