Barua kwa Besi: Wapiga Kinanda Tumeanza Kusikilizana

Mwanza,
Jumapili, 9 Agosti 2026

Ndugu yangu Besi,

Tumsifu Yesu Kristo! Najua umeitikia hata kama umekaa peke yako hapo Mtwara. Shemeji hajambo? Wanafunzi wako nao? Huku sisi wazima. Mama anakusalimu, na bado anakulaumu kwa kuhama bila kumalizia ugali wake.

Nimetoka misa ya pili, nimekula, nimekaa chini ya mwembe na kalamu. Nimeamua kuandika barua ya mkono kwa sababu ujumbe wa simu huwa unanijibu kwa kile kidole gumba chako tu. Tena umeniambia watoto wa shule wamekukalisha kwenye kinanda kwa nguvu. Basi karibu kwenye balaa. Sasa naweza kukusimulia mambo ambayo zamani ungeyasikia kama hadithi za wengine.

Msiba wa Mwalimu Mzee ulikupita, na sijawahi kukueleza ulivyokuwa. Alizikwa siku ya Jumatano. Ishike hiyo Jumatano, maana ndiyo chanzo cha yote. Jumapili saa moja asubuhi kila mpiga kinanda wa mji huu yuko kazini: wa Nyakato yuko Nyakato, wa Kirumba yuko Kirumba, mimi niko hapa Igoma. Tunaingia wakati mmoja na tunatoka wakati mmoja. Mapadri hupokezana parokia, kwaya hualikana, muumini husali anapopenda. Mpiga kinanda peke yake ndiye hamsikii mwenzake. Miaka 11 nimepiga bila kumsikia hata mmoja, ukimtoa Mwalimu mwenyewe aliyenifundisha.

Jumatano ile hakuna aliyekuwa na zamu. Tulijikuta tumesimama pembeni ya kinanda kama watu 9, kila mmoja na nota zake kwapani, na hakuna aliyethubutu kusema "hii misa ni yangu." Mwishowe katekista akachoka na heshima zetu, akagawa: wewe Mwanzo, wewe wimbo wa katikati, wewe Matoleo. Mimi nikapewa Komunyo.

Besi, nikakaa kwenye benchi nikasikiliza. Unakumbuka ile tabia yangu uliyokuwa ukinicheka, ya kuivuta kidogo sauti ya mwisho ya ubeti halafu kuiachia ghafla, ili kwaya ipate pa kuvutia pumzi? Nilidhani ni yangu. Yule kijana wa Buhongwa akafanya hivyohivyo. Dada wa Nyakato akafanya hivyohivyo. Mzee mmoja wa Kirumba ambaye sijawahi hata kusalimiana naye, naye hivyohivyo. Mwalimu yuko ndani ya jeneza pale mbele, na pumzi yake inapita kwenye mikono ya watu 9. Nilipofika zamu yangu nusu ya nota sikuziona.

Baada ya maziko, tukiwa na sahani za wali na maharage, mtu akasema hatuwezi kuwa tunakutana tukifiwa tu. Hapo ndipo umoja wetu ulipozaliwa. Jina tumelibishania vikao viwili, tukaishia kuuita Umoja, basi. Tuko 14 sasa, wanawake 3. Tunakutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa nane mchana, kwa zamu ya parokia. Mchango ni shilingi 5,000. Mwenzetu mmoja anatoka Sengerema. Kwa mipaka ya Kanisa yeye ni wa Jimbo la Geita, lakini nani atamfukuza? Zamani alikuwa akichelewa na kutulaza na hadithi za foleni ya kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka jana amekosa kisingizio, sasa anasingizia pikipiki.

Kikao chenyewe ni hivi. Mmoja anakaa kwenye kinanda, wengine wote wanashuka kwenye mabenchi na kuimba kama waumini. Akimaliza, anasikiliza wenzake walichosikia. Hakuna kupiga makofi. Mara ya kwanza niliambiwa mkono wangu wa kushoto unasinzia. Wewe ulikuwa ukiniambia hivyo kwa miaka, nikidhani ni wivu wa waimba besi.

Halafu kuna ile sheria yetu moja ngumu: transpoza, kile kitufe cha kupandisha na kushusha sauti za kinanda, iwe sifuri. Wewe unayeanza nakuomba hapa usikilize kwa masikio yote mawili. Nota zetu za solfa, za do-re-mi, zinatulea vibaya. Juu ya karatasi imeandikwa Do ni F, au Do ni D, lakini mtu anajua vidole vya C tu, basi anabonyeza kitufe, kinanda kinahama chenyewe, yeye anabaki C palepale. Unaweza kupiga kinanda miaka 20 usijue kwamba ukipiga F, fa yake iko kwenye kitufe cheusi. Mimi nilikuwa hivyo. Na kitufe kile cha transpoza kina siku yake. Kwaresima ya mwaka juzi wimbo wa katikati ulikuwa Do ni F, shangilio Do ni D. Nikasahau kushusha. Shangilio likapanda nusu sauti tatu, na soprano walipofika kwenye ile mi ya juu, waliokuwa na akili walinyamaza, wasio na akili waliifikia. Padri alisimama kwenye mimbari na Injili mkononi akisubiri paa litulie. Mwalimu wa kwaya hakuniangalia wiki nzima.

Kwa hiyo sasa tunajifunza ngazi upya, watu wazima wenye mvi, kidole gumba kinapita chini ya cha tatu kama watoto wa chekechea. F nimeiweza. D inakuja. E-flati nimemwachia Mungu.

Januari tulimwalika padri mmoja anayefundisha liturujia atuandae kwa Kwaresima. Hakuhubiri, alifungua Mwongozo wa Misale, kitabu cha kanuni za misa, namba 313, akasoma. Kumbe Kwaresima kinanda kinaruhusiwa kwa kusaidia kuimba tu, isipokuwa Dominika ya nne, na siku za sherehe na sikukuu. Tukatazamana. Nusu yetu tulikuwa tukijaza ukimya wa Komunyo kwa kapambio ka peke yetu, taratibu, tukiamini tunawasaidia watu kusali. Mzee wa Kirumba akauliza, "Sasa padri, ule ukimya nani anaujaza?" Padri akamjibu, "Kwani nani kasema uko mtupu?" Mzee akaandika kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini, ila aliandika kwa muda mrefu.

Nami nikaishika sheria hiyo. Nikaenda mbali zaidi: kwetu kinanda hufunikwa kitambaa baada ya wimbo wa Utukuzo wa Alhamisi Kuu mpaka Utukuzo wa Mkesha wa Pasaka, na mwaka huu sikusimama pembeni yake kukilinda kama mbwa. Ijumaa Kuu nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikaisikia kwaya yangu kwa mara ya kwanza. Besi, wanashuka! Ubeti wa kwanza wako sawasawa, wa nne wameshaporomoka karibu sauti nzima, na kila mmoja anadhani ni mwenzake. Miaka yote hiyo wamekuwa wakiniegemea mimi, nami nikijiona fundi. Tangu Pasaka tunafanya mazoezi ya Alhamisi bila kinanda. Wananung'unika. Mwache anung'unike, ataimba.

Si kwamba kila kitu ni asali. Tuna ugomvi wa biti: vijana wanataka mdundo wa kwenye kinanda, ngoma na kila kitu, wazee hawataki hata kuusikia. Mimi niko na wazee, ila si kwa uzee. Ule mdundo haumsubiri mtu. Padri akichelewa kunawa mikono, wenyewe unakwenda tu. Na kuna ugomvi wa harusi, ambao unaujua. Familia inakuja na mpiga kinanda wao wa kukodi, wa parokia anakaa nje anahesabu mapambo ya magari. Tumekubaliana kwamba ukialikwa kwenye parokia ya mwenzako unampigia simu kwanza, na kitu kidogo mnagawana. Wanne hawafanyi hivyo. Majina nakuhifadhia. Na lile kundi letu la simu, Jumamosi saa tano usiku, mtu anauliza "nani ana nota ya wimbo wa kesho?" na anajibiwa kwa picha iliyopigwa gizani na kidole kimeziba besi yote. Wewe ungelia.

Lakini nilichotaka hasa kukuandikia ni kinanda cha Mwalimu. Kile cha kukanyaga, cha zamani za wamisionari. Alitufundishia juu yake wakati umeme ulikuwa habari ya mjini. Tulikikuta kwenye stoo ya parokia moja, chini ya viti vilivyovunjika na mabaki ya pango la Noeli, kondoo wa plasta amekilalia. Tukaomba, tukapewa, tukakibeba kwa mkokoteni. Mikanyagio yote miwili ilikuwa imekatika mikanda. Tulipofungua nyuma tukakuta panya wamejenga ndani ya mivukuto, ile mifuko ya hewa, na kiota chao ni nota. Nilitoa kipande kimoja kwa kibano: mistari miwili ya altu, mwandiko wa Mwalimu mwenyewe, ile "d" yake yenye mkia.

Fundi viatu wa hapa Igoma alitusaidia kuziba mivukuto kwa ngozi laini na gundi yake ya soli. Kazi ya ndani tuliifanya wenyewe, kwa Jumamosi tatu. Kila sauti ndani ya kile kinanda ni ulimi mwembamba wa shaba kwenye fremu ya shaba, hewa ikipita unatetemeka. Chembe moja ya vumbi ikikwama hapo, sauti inakufa. Unauvuta ulimi nje kwa kindoana, unaupiga brashi ya rangi iliyo kavu, unaurudisha, unakanyaga. Ya kwanza kufufuka ilikuwa C ya katikati. Ilianza kama mbuzi, ikakohoa, halafu ikakaa. Wote tukanyamaza. Kijana wa Buhongwa alitaka kuirekodi, dada wa Nyakato akamshika mkono.

Nyingine zilikuwa hai lakini zimetoka kwenye sauti. Hapo ndipo utajua kama una subira. Ukikwangua kidogo kwenye ncha ya ulimi, sauti inapanda; ukikwangua karibu na shina, inashuka. Kidogo nasema: mkwaruzo mmoja, unarudisha, unasikiliza, unatoa tena. Mzee wa Kirumba ndiye aliyekuwa hakimu, maana masikio yake ni makali kuliko programu ya kwenye simu, na anajua hivyo. Alikuwa akifumba macho na kusema "bado," "bado," "umepitiliza, mwanangu." Siku nzima tulipata sauti 7.

Sasa kinapumua. Si kizuri kama cha umeme, nisikudanganye. Kinachoka ukichoka wewe. Ukipunguza mguu, sauti inanyong'onyea, ukikaza, inanenepa. Ndipo nikaelewa Mwalimu aliipata wapi ile pumzi ya mwisho wa ubeti. Hakuwa anaivuta sauti kwa ajili ya kwaya peke yake. Alikuwa akijaza mivukuto.

Kwa hiyo nakuomba. Mtakatifu Sesilia, msimamizi wetu wanamuziki, mwaka huu anaangukia Dominika ya Kristo Mfalme, 22 Novemba, na kwa Mfalme huwezi kuleta mjadala. Umoja tutaiadhimisha Jumamosi tarehe 21, misa ya saa nne, na misa yote itapigwa kwenye kinanda cha Mwalimu. Jumamosi, Besi, kama ile Jumatano: hakuna mwenye zamu, sote tutakuwa kwenye mabenchi. Nataka upige Matoleo. Nimeshakuchagulia wimbo, Do ni D, na nota ziko ndani ya bahasha hii. Nimeziandika kwa mkono ili usipate kisingizio cha picha ya gizani. Anza mazoezi leo, na hicho kitufe cha transpoza kizibe kwa plasta ya jeraha kama mimi.

Najua safari ni ndefu, na najua Novemba shule zina mitihani. Ongea na mkuu wako mapema. Nauli ya kurudi Umoja utakuchangia, nimeshalipeleka kikaoni, wamekubali kwa sharti kwamba uje na korosho. Utalala kwetu. Mama atakuwekea ule ugali.

Nijibu kabla Septemba haijaisha, kwa barua au hata kwa hicho kidole gumba, maana ratiba anaiandika dada wa Nyakato, na akishaiandika haifutiki.

Wasalimie wote.

Ni mimi,
Mkono wa Kushoto

Nilisahau: kitufe kimoja cha chini, G-shapu, bado ni bubu, ulimi wake umepasuka na hatujapata mwingine. Nimeupitia wimbo wako mstari kwa mstari. Haukigusi.