Risala ya Madereva wa Teksi na Waongoza Watalii wa Malindi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana, Assalaam aleikum.

Karibu sana Malindi. Pole kwa safari ya barabara kutoka Mombasa.

Kikundi chetu kilianza na teksi chache chini ya mwarobaini. Leo tuna ofisi yenye bati jipya, hema la kukodisha na mfuko wa mazishi, maendeleo ambayo vikundi vingi vya Pwani vinayatamani.

Mheshimiwa, jambo letu ni moja: uwanja wetu wa ndege. Njia ya kurukia ndege ina urefu wa kilomita 1.4 tu. Ndege za pangaboi kutoka Nairobi zinatua, lakini jeti kubwa kutoka Ulaya haziwezi. Mgeni wa Kiitaliano, ambaye vijana wetu wa ufuoni wanazungumza lugha yake, hushukia Mombasa kisha apande gari kilomita zipatazo 120. Wengine huona heri waende Diani.

Tunawasikia viongozi wakisema Nairobi lazima ibaki kitovu cha usafiri wa anga, na tunaunga mkono. Addis Ababa imeshapanua uwanja wake wa Bole, na inatayarisha uwanja mkubwa zaidi Bishoftu. Huku kwetu, mradi wa jengo jipya la abiria uliozinduliwa JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, baada ya moto wa Agosti 2013 ulifutwa 2016, na mpango wa kampuni ya Adani ya India kuupanua na kuuendesha uwanja huo ukafutwa Novemba 2024. Lakini hata JKIA ikijengwa upya, kitovu hulishwa na viwanja vidogo, kama Mto Sabaki unavyojazwa na vijito vya bara.

Habari ya kurefusha njia ya ndege ya Malindi ifike kilomita 2.5 tumeisikia kwa mgeni rasmi mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja tulimpigia makofi, tukamvisha kikoi. Jirani zetu waliopimiwa mashamba kwa ajili ya upanuzi huo hawajengi wala hawauzi, na kuna wazee waliozikwa wakisubiri fidia. Hatusemi haya kwa ubaya, Mheshimiwa, ila yanatuuma.

Tunaomba fidia ilipwe kabla ya jiwe lingine la msingi kuwekwa. Tunaomba pia tarehe ya kazi kuanza, kwa maandishi, na ikiwezekana uitaje leo hapa mbele ya wananchi.

Nakala za barua zetu za awali, ambazo bado hazijajibiwa, zimeambatanishwa na risala hii.

Ahsante.
Katibu, kwa niaba ya wanachama