Kanda Zako Usizitupe

Voi

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto wote. Huku tu wazima, ila joto limetuelemea na tembo wamerudi tena shambani kwa Mwalimu Kazungu, ambaye ameapa upya kwamba atauza kila kitu ahamie Malindi. Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni moja. Nimesikia kwa Mama Furaha kwamba mnahama Buruburu, huko Nairobi, kabla ya mwezi kwisha, na kwamba lile sanduku la kanda za video lililokaa miaka yote chini ya ngazi limetengwa pamoja na vitu vya kutupwa. Nakuomba, kwa hisani yako, usilitupe.

Najua utakalonijibu. Utasema kanda zimeota ukungu, deki ya kuchezea kanda uliyorudi nayo kutoka Dubai haizunguki tena, na hakuna mwenye akili timamu atakayeketi kumtazama yule mchekeshaji wa runinga, Mzee Ojwang', nyuma ya mistari myeupe inayopanda na kushuka. Mimi nitaketi, tena na mjukuu wangu pembeni. Mtoto huyo alinijia na kazi ya shule juu ya historia ya runinga nchini, nami nikamweleza niliyoyajua: kwamba KBC, shirika letu la utangazaji, ilianza kurusha picha mwaka 1962, mtambo wake wa kwanza ukiwa katika nyumba ya shambani kule Limuru na mawimbi yakifika kilomita kama 24 tu, kwamba mwaka 1964 serikali ilikichukua kituo kikawa Sauti ya Kenya, kwamba sisi wa Mombasa tulifunguliwa kituo mwaka 1970, na kwamba rangi zilikuja mwaka 1978, ingawa kwa jirani yetu wa Majengo, tuliyekuwa tukimjazia dirisha kila jioni, dunia iliendelea kuwa nyeusi na nyeupe kwa miaka mingi baadaye. Aliandika yote kwa utiifu, kisha akasema: "Babu, sasa nionyeshe." Sikuwa na cha kumwonyesha.

Hapo ndipo nilipolikumbuka sanduku lako. Watu hudhani historia ya kituo kile ni ya siasa peke yake, na siasa kweli haikukosekana, kwa kuwa alfajiri ya Agosti 1, 1982 waasi walikwenda moja kwa moja kwenye studio wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Lakini huyo huyo Mbotela, mtoto wa Freretown kule Mombasa, alituuliza tangu mwaka 1966, katika kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, kama huu ni ungwana, akimsema mgeni anayefika saa ya chakula bila kualikwa, na sisi tukatazamana mezani kujua ni nani aliyelengwa. (Kwetu alilengwa Charo daima, wala hakuwahi kuacha kuja.) Tangu atutoke mwezi Februari 2025 nimekuwa nikijiuliza ni sauti ngapi za aina hiyo zimebaki mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuzifikia.

Nikurudishe kwa Ojwang', kwa sababu yeye ndiye ninayemtaka zaidi. Mjukuu wangu hakuamini nilipomwambia kwamba Benson Wanjau, aliyeigiza Ojwang', alikuwa Mkikuyu, na kwamba alituigizia Mjaluo katika mchezo wa Vitimbi kwa ustadi hata nchi nzima ikalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Wala hakuamini kwamba watazamaji wengi walidhani yeye na Mama Kayai, mkewe wa mchezoni, ni mume na mke hasa. Katika nchi ambayo jina la mtu huulizwa kabla ya hoja yake, hilo naliona si jambo dogo. Alipofariki mwezi Julai 2015, waliomlilia walitoka kila upande, na sidhani kama kuna mwanasiasa wetu aliyepata kuliliwa hivyo. Sisi watu wa pwani tulikuwa na kiburi chetu kuhusu lugha: tulimsikiliza Badi Muhsin akisoma taarifa ya habari ya saa moja kwa Kiswahili kilichonyooka, tukatikisa vichwa kwa kuridhika, kisha tukacheka hadi machozi Ojwang' alipokivunja Kiswahili hicho hicho, au mshtakiwa wa mchezo wa Vioja Mahakamani alipojitetea kwa lafudhi ya kwao mpaka hakimu mwenyewe akashindwa kujizuia. Nadhani tulijifunza sheria kidogo pale, na majirani zetu wa bara zaidi, kuliko tulivyofundishwa darasani.

Tena si michezo peke yake ninayoitaka. Wewe ulikuwa na tabia, ambayo shemeji aliilalamikia sana, ya kuiacha deki ikirekodi hadi kanda imalizike, na kwa hiyo baada ya Vitimbi mtakuwa na matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia, kipande cha mchezo wa Tausi, dakika chache za Football Made in Germany, pengine hata wimbo wa taifa wa kufunga stesheni. Mchezo unaweza kupatikana kwingine, lakini usiku mzima wa KBC jinsi ulivyoingia sebuleni mwa mtu, pamoja na kukatikakatika kwake, sijui mwingine aliye nao.

Kwa hiyo, hata kama hutaki kuzibeba, fanya haya kwa ajili yangu. Zisimamishe wima kama vitabu, mahali pakavu, mbali na jua na spika. Katika kila kanda kuna kipande kidogo cha plastiki mgongoni. Kivunje, ili asije kijana yeyote kurekodi harusi juu yake. Yenye ukungu usiitie ndani ya deki, maana itaichafua na kuziambukiza nyingine. Kijana wa Mwalimu Kazungu ana kifaa cha kuunganisha deki na kompyuta, naye amesema atazihamisha zote bila malipo, mradi apate deki inayofanya kazi, na hapo ndipo tulipokwama. Gharama ya kuzisafirisha kwa basi nitailipa mimi.

Sasa nijibu. Je, sanduku bado lipo, au limeshatolewa nje? Kanda ni ngapi, na maandishi ya shemeji kwenye lebo yanasomeka? Ile ya sherehe ya arusi ya Zainabu, ambayo ulinikasirikia kwa kuwa Vioja Mahakamani ilikuwa chini yake, ilibaki kwa nani? Fundi wa Jogoo Road aliyekuwa akitengeneza deki bado yuko hai? Na wewe mwenyewe, mgongo unaendeleaje, maana Mama Furaha alinieleza habari za sanduku kwa kirefu lakini za mgongo wako hakunimalizia? Mnahamia wapi hasa, Kilifi au kwa watoto?

Ukishindwa kuandika, nipigie jioni baada ya taarifa ya habari.

Ni mimi nduguyo,
Mwakio