Salamu za magurudumu mawili

Kwako Baba Neema,

Salamu nyingi zikufikie hapo Ngara, wewe na mama Neema na watoto. Sisi huku Minnesota tu wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaona nisikujibu kwa kurekodi, maana jambo lenyewe ni refu na ningependa uwasomee na wenzako kijiweni. Umeuliza kama ni kweli kwamba waendesha pikipiki wa Marekani wakipishana husalimiana hata kama hawajuani. Na umeuliza, kwa sauti niliyoisikia ina uchungu, kwa nini wale wazungu wa mapikipiki makubwa wanaopita kuelekea Rwanda wengine wanainua mkono na wengine wanawapita kama hapakuwa na mtu.

Ni kweli, husalimiana. Iko barabara namba 35 upande wa Wisconsin, jimbo jirani, inaufuata mto Mississippi na kupita vimji vya Maiden Rock, Stockholm na Pepin. Jumamosi ya mwezi Juni hutakwenda mbali kwenye barabara hiyo kabla hujasalimiwa na mtu usiyemjua. Ila hawapungi mkono juu. Mkono wa kushoto unaachia usukani, unashuka pembeni karibu na goti, vidole viwili vimeelekea lami, halafu unarudi. Wengine hufungua kiganja chote, na wengine huinua vidole tu bila kuachia mshikio. Ukiwauliza vidole viwili vina maana gani, wengi watakwambia: magurudumu mawili yabaki chini. Kwangu mimi hiyo ni dua, na kila nikipewa naipokea hivyo. Kushusha mkono kuna sababu pia. Hapa mkono ulionyooka pembeni ni ishara kwamba unakata kushoto, na uliokunjwa kwenda juu kwamba unakata kulia, kwa hiyo ukipunga juu unaweza kumchanganya aliye nyuma yako.

Wapo watakaokusimulia kwamba yote yalianza mwaka 1904, pale William Harley na Arthur Davidson walipopishana kila mmoja na pikipiki yake wakapungiana. Kampuni yao ya pikipiki, Harley-Davidson, ilianza Milwaukee mwaka 1903, hilo ni la uhakika. La kupungiana mimi naliacha kwenye hadithi.

Sasa kwa nini mkono wa kushoto? Hapo wewe unaishi mahali panapofaa zaidi kulielewa hili kuliko mimi. Kwenye pikipiki zetu hizi, mkono wa kulia ndio unaovuta mafuta na kubana breki ya mbele, na wa kushoto una klachi. Ukiwa umeshakaza mwendo kwenye gia ya mwisho, klachi inaweza kukusubiri. Mafuta na breki haviwezi. Marekani wanapita kulia, hivyo anayekuja mbele yako yuko upande wako wa kushoto, upande wa mkono ulio huru. Sisi Tanzania tunapita kushoto. Anayekuja yuko kulia kwako, na ukitaka kumwonyesha mkono ulio karibu naye unaachia mafuta na breki kwa pamoja. Lakini vuka daraja la Rusumo hatua chache tu, uko Rwanda, watu wanapita kulia, na mkono wa klachi ndio unaomtazama mwenzako. Ukipitia Kabanga kuingia Burundi ni hivyo hivyo. Yaani mpaka mmoja unabadilisha hata namna ya kusalimiana, na sijui kama kuna mtu kijiweni aliyewahi kuliwaza hilo.

Waingereza wanapita kushoto kama sisi, na pikipiki wanazo tangu zamani, kwa hiyo wao walishalimaliza tatizo hilo: wanatikisa kichwa. Kichwa kinainama kidogo upande wa kulia, mikono haitoki mahali pake. Ufaransa kuna jingine ambalo ungeliona ungefikiri umetukanwa. Gari likimpisha mwenye pikipiki apite, yeye anapolipita hunyoosha mguu wa kulia nje. Ndiyo shukrani yake, kwa kuwa mikono yote ina kazi wakati huo. Kwetu kumwonyesha mtu mguu ni ugomvi, lakini dereva wa kule hukasirika usipomwonyesha.

Nije kwenye kinachokuuma, nani anamsalimia nani.

Huku kuna makabila ya pikipiki. Kuna wenye Harley na nyingine za kuegemea nyuma, miguu mbele. Kuna wa pikipiki za mbio, wamelalia tanki. Kuna wazee wa safari ndefu na Gold Wing zao, na wa BMW ndefu zenye masanduku pembeni, ambao ndio aina ya wale wanaopita hapo kwenu. Halafu kuna wa skuta, na siku hizi kuna Spyder za magurudumu matatu ambazo wengine wanabishana kama ni pikipiki au la. Kila kabila lina maneno juu ya jingine. Linalosemwa kuliko yote ni kwamba mwenye Harley humsalimia mwenye Harley tu. Mimi naendesha Honda Rebel yenye injini ya cc 500, na kando ya zile za cc zaidi ya 1,700 ni mbuzi kando ya ng'ombe, lakini nakwambia kwa haki kwamba wenye Harley wengi hunisalimia, na mara nyingi ndio wanaoanza. Wanasingiziwa kwa sababu ya wachache. Wa pikipiki za mbio ukiona hainui mkono, mara nyingi ni kwamba mkao wake haumruhusu: uzito wake uko viganjani.

Ila dharau ipo, na haikuanza leo. Mwaka 1947 mji wa Hollister, California, ulijaa waendesha pikipiki wa sikukuu ya Julai 4, wakalewa na kufanya fujo, magazeti yakaikuza, na kwa miaka mingi Mmarekani wa kawaida akisikia pikipiki aliwaza mhuni. Mwaka 1959 Honda wakafungua duka Los Angeles na kuanza kuuza ile ndogo yao, Super Cub, iliyotoka Japani mwaka 1958. Wakawauzia walimu, wanafunzi, akina mama. Wale wa mashine kubwa hawakuihesabu kuwa pikipiki. Na ndiyo hiyo hiyo ambayo kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, hakuna chombo chenye injini kilichowahi kufika hapo. Uingereza nako mwaka 1964 vijana wa skuta, za Vespa na Lambretta, walipigana ufukweni na vijana wa pikipiki, kule Clacton, Margate na Brighton. Wengi wa waliopigana leo ni vikongwe. Vijana wa sasa hawajui hata waligombania nini, lakini utamkuta mmoja juu ya pikipiki kubwa anayempita mtu wa skuta akitazama mbele kana kwamba ameagizwa.

Hili linaniudhi, Baba Neema, na nalisema nikimaanisha. Mtu wa skuta anakwenda nayo kazini, mvua inamnyeshea, anakatiza katikati ya malori. Huyu mwingine anaitoa gereji Jumapili jua likiwaka, anakwenda kunywa kahawa, anarudi kuifuta vumbi. Nani kati yao anaijua barabara? Lami haichagui cc za kuangusha. Ngozi ya mtu wa Vespa inachunika sawasawa na ya mtu wa Harley.

Na ukishalisema hilo, huwezi kuishia kwenye skuta, lazima ufike kwenu. Nyinyi mnaoamka saa kumi na moja alfajiri na Boxer na TVS, mnaombeba mama mjamzito usiku kumpeleka hospitali ya Murgwanza, mnaopakia mahindi, mlango na mgonjwa wiki moja, na jioni hesabu ya tajiri inawasubiri. Kama salamu ile ni ya heshima kwa wanaoishi juu ya magurudumu mawili, basi kokote duniani bodaboda ndio wangeanza kupewa. Wapo hata ndugu zetu wenye pikipiki za bei kubwa, wanatoka Dar kwa msafara siku ya mapumziko, koti la ngozi na glavu, ambao wanamwona bodaboda kuwa ndiye anayewaharibia jina. Hao nisingependa wanisalimie mimi kabla hawajamsalimia yeye.

Sasa niwatetee kidogo wale wanaopita hapo, maana haki ni haki. Mtu aliyeingilia Namanga akaja mpaka Ngara amekutana na bodaboda kila mji, kila njia panda. Angejibu zote angefika na bega limeteguka. Huku pia mjini hakuna anayesalimia, pikipiki ni nyingi na taa ni nyingi. Kule Sturgis, South Dakota, kwenye mkusanyiko wa kila Agosti ulioanza mwaka 1938, wanafika watu laki kadhaa na hakuna mkono unaoshuka. Kwa hiyo mtu akipita Benako kwenye msongamano wa malori ya Kigali asiinue mkono, mwacheni. Yule ninayemlaumu ni wa barabara tupu, wewe peke yako na yeye peke yake, umemtikisia kichwa, anakutazama kisha anageuza uso.

Na hata huyo, kabla ya kumlaumu, angalia alikuwa wapi. Kama alikuwa anashusha gia, anaingia kona, ameona mchanga, anapigwa na upepo wa lori, au amejifunza juzi tu na mikono yake bado imekaza, kunyamaza kwake ndiko kuendesha vizuri. Mwalimu wangu wa kozi ya leseni alikuwa mkali juu ya hili: salamu ni hiari, usukani si hiari.

Jambo ambalo ningetaka vijana walijue kuliko hata vidole viwili ni lile lililo nyuma yake. Anayekusalimia anatarajiwa pia kusimama. Huku ukiharibikiwa, unaiweka kofia yako ngumu chini kando ya pikipiki upande wa barabara, na mwenye kuijua ishara hiyo anasimama kukuuliza umepatwa na nini. Anayekuja mbele akijigonga kichwani juu ya kofia, anakuonya kuwa polisi wako mbele, kama nyinyi mnavyowashiana taa kwa ajili ya trafiki. Aliye mbele yako kwenye msafara akichomoa mguu kuelekeza chini, kuna shimo au kitu barabarani. Haya yote kijiwe kinayajua kwa namna yake, na kwa kusimama nyinyi mmetupita mbali: mwenzenu akianguka mnafika kabla ya mtu yeyote, mnachanga za hospitali, mnamzika akifa. Hapo hatuna cha kuwafundisha. Ila umoja huo unapogeuka kumzingira dereva wa gari kwa mawe na kiberiti kabla ukweli haujajulikana, hapo mimi simo, na najua nawe humo.

Umesema mna kikao na unataka kulileta hili. Kama ningekuwepo ningewaomba waanze na kidevu. Kidevu kinashuka kidogo kuelekea kulia, basi. Anayetaka kutumia mkono, ainue vidole vya kushoto juu ya mshikio wa klachi, kiganja kibaki kimeshika. Mkono wa kulia usitoke kamwe, hata kwa rafiki wa kuzaliwa. Ukiwa na abiria usitumie mkono wowote, maana yeye hajakuomba umsalimie mtu, amekuomba umfikishe. Kwenye ule mteremko wa kuingia Rusumo, na malori yanatafuta breki, msisalimiane kabisa. Usiku kumshushia mwenzako taa ni salamu tosha, na kwa kweli ningefurahi kuona hiyo imeshika kuliko nyingine zote, kwa sababu taa kali za mbele zimewaua wengi kwenye barabara ile. Na honi waachieni wanaohitaji kuonywa. Bibi anayevuka na ndoo kichwani hajui kama ile pii ni ya rafiki yako au ni yake.

Wasichague. Mwenye baiskeli iliyopakia ndizi naye yuko juu ya magurudumu mawili, na hana hata kioo cha kumwona anayemjia nyuma.

Huku msimu unaelekea mwisho. Novemba theluji ikianza tunazifungia pikipiki ndani, betri tunazichomoa, na hazitoki mpaka Aprili. Wiki zile za mwanzo wa Aprili hata mtu mchoyo kuliko wote hukusalimia.

Nina ombi. Ukivuka tena na mzigo upande wa pili, waangalie wale madereva wa “moto”, yaani bodaboda wa Rwanda, wakipishana nje ya mji, uone kama wanatumia mkono wa kushoto au kichwa, na uwaulize wa Burundi pia wakija Kabanga sokoni. Nirekodie majibu, hata kama kuna upepo nitasikia. Mama mwambie nitampigia Jumapili baada ya ibada, na ile dawa ya presha nimemtumia kwa mtu anayekuja mwisho wa mwezi. Neema asiache hesabu.

Ni mimi wako,
mwenzako wa kijiwe cha zamani