Wao walikwenda msibani kwanza

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa kuwa namba yangu umeifungia. Mama tumemzika, arobaini imepita, na wewe ulichotuma kwenye grupu la familia ni rekodi. Watu wamekaa kwenye turubai wananiuliza yule wa Ulaya anafika lini, mimi natazama simu: *Blue Notes for Mongezi*. Hata neno pole hukuliweka.

Nimeisikiliza. Usiku, tulipokwisha kurudisha viti vya kukodi. Usidhani simjui Mongezi Feza wako, yule mpiga tarumbeta wa jazi. Kelele zake tulilala nazo na kuamka nazo, mpaka baba mdogo akaapa ataivunja redio. Mtoto wa Queenstown, kazaliwa 1945. Mwaka 1964, ana miaka 19, akatoka Afrika Kusini na wenzake kwenda kupiga kwenye tamasha la jazi la Antibes, Ufaransa. Bendi yao Blue Notes: weusi watano na mzungu mmoja, Chris McGregor, kwenye piano. Bendi ya namna hiyo makaburu wasingeiacha ipumue. Moyake, mpiga saksafoni wao, peke yake ndiye aliyerudi nyumbani. Waliobaki wakaangukia London.

Na ile tarumbeta yake ndogo, ya mfukoni! Anashika wimbo ambao hata Mama angeufuatisha akipepeta mchele, halafu anautupa njiani, anapanda juu, anakwaruza, anacheka ndani ya bomba. Nakubali, kuna mahali nimetabasamu.

Lakini wewe uliyafanya hayo harusini kwa dada.

Tuko nyuma ya pikapu, Magomeni, matarumbeta yamekolea, wakwe wanarusha leso, na wewe ukauacha wimbo. Wapiga ngoma wakapotea. Mama mkwe akasimama, mkono kiunoni. Nikakupokonya tarumbeta ikiwa bado mdomoni. Mdomo wa chini ukapasuka. Hukusema kitu. Uliuchukua ule mfuko wa Rambo, ukapangusa damu kwenye chuma kwa shati lako jeupe la sare, taratibu, kama mtu anayefuta miwani, ukaitia tarumbeta mfukoni, ukashuka pikapu ikiwa inatembea.

Miaka yote hii naliona lile shati.

Ungekuwa mimi ungefanya nini? Bosi wa bendi alishachukua kianzio, na aliyekuombea nafasi ile ni mimi. Ada ya shule yako ilitoka kwenye matarumbeta hayo hayo, wimbo ule ule, kila Jumamosi. Mtu akishiba ndipo anapata nguvu ya kuuacha wimbo. Mongezi mwenyewe ana utunzi aliouita, kwa Kiswahili chetu, "hutanijua, maana unadhani unanijua". Najua unaponilenga. Lakini mimi nilikuogesha, bwana. Nisikujue vipi?

Sasa nisikilize. Sauti uliyomtumia dada mwezi uliopita niliisikia. Unakohoa kikohozi kizito. Usikipuuze kifua. Vaa sweta, nenda hospitali, na ukifika usikubali kukalishwa tu kwenye benchi. Huyo mtu wako alikufa kwa nimonia, hospitalini, London, tarehe 14 Desemba 1975. Miaka 30! Homa ya mapafu, kijana anayepuliza tarumbeta. Niliposoma hapo niliiweka simu chini, nikaenda kukaa uani.

Siku tisa baadaye wenzake wanne, McGregor, Dudu Pukwana, Johnny Dyani na Louis Moholo, waliingia studio. Hawakufanya mazoezi, hawakupanga wapige nini. Wakaliachia tu, zaidi ya saa mbili, Dyani anamwita marehemu, na tarumbeta haimo. Nadhani ulitaka nisikie hilo: pengo. Nimelisikia.

Ila ulisahau kuniambia walitokea wapi siku ile. Walitokea kwenye ibada ya kumbukumbu yake. Wao walikwenda msibani kwanza, ndipo wakapiga.

Tarumbeta yako ilikuwa chini ya kitanda cha Mama, imefungwa kwenye kanga yake ya zamani, mfuko wa Rambo bado umo ndani. Hatujaiuza, wala haitauzwa. Kitufe cha kati kimekwama. Nimetia mafuta ya cherehani, kinashuka, hakipandi. Fundi wa mtaani anataka kukigonga kwa nyundo, nimemkatalia. Mwambie dada aniambie kinafunguliwaje.