Ruzuku ya Mbolea Isihesabu Nitrojeni Pekee

Kwa Mhariri,

Tangu serikali ya Kenya iteremshe bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea hadi shilingi 3,500 mwaka wa 2022, na kisha hadi shilingi 2,500 mwaka uliofuata, mjadala wetu umekuwa wa bei na foleni za maghalani. Naomba nafasi nizungumzie jambo lililosahaulika, nalo ni jinsi mbolea ya nitrojeni inavyovuruga uwiano wa madini mengine katika udongo na katika mahindi yenyewe.

Sipingi nitrojeni. Mahindi yakiikosa hudumaa, na yakiipata vyema huotesha mizizi mingi inayoyafikia madini mengine. Shida huanza pale udongo unapokuwa umechoka: mmea hurefuka upesi kuliko mizizi inavyoweza kuuletea zinki, salfa au magnesiamu, na kile kidogo kilichopo hugawanywa katika majani mengi zaidi. Tena, nitrojeni iliyo katika hali ya amoniamu hushindana na potasiamu, kalsiamu na magnesiamu kuingia mizizini.

Mahindi yakigeuka manjano, wengi hukimbilia kuongeza CAN au yurea, mbolea za nitrojeni za kukuzia, ilhali umanjano si wa aina moja. Ukosefu wa nitrojeni huanzia kwenye ncha za majani ya chini na kuingia ndani kwa umbo la V, ukifuata mshipa wa katikati. Majani hayohayo yakiwa na michirizi ya manjano huku mishipa imebaki kijani, inafaa kushuku magnesiamu. Majani machanga yakipauka, huenda ni salfa. Yakiwa na mikanda myeupe kandokando ya mshipa wa katikati, karibu na tako la jani, basi dalili ni za zinki. Katika hali hizi tatu, kuongeza nitrojeni ni kuongeza pengo lenyewe, na inaniuma kuona familia ikitumia fedha za karo kwa namna hiyo.

Lipo pia suala la asidi, ambalo huku kwetu Bonde la Ufa kaskazini na magharibi mwa Kenya ndilo zito zaidi. Bakteria wa udongoni wanapoigeuza amoniamu kuwa nitrati, hali nyingine ya nitrojeni, asidi hubaki. Nitrati isiyotumiwa na mmea nayo husombwa na mvua kwenda chini pamoja na kalsiamu na magnesiamu. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kikifika chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuidumaza mizizi, na fosforasi, ileile tuliyoinunua ndani ya DAP, mbolea ya kupandia, hunaswa udongoni. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu, kila kilo ya nitrojeni ya DAP huhitaji takriban kilo 3.6 za chokaa ili asidi yake ifutwe. Mfuko mmoja una kilo 9 za nitrojeni, kwa hiyo unadai kilo 32 hivi za chokaa. Yurea hudai nusu ya hizo kwa kila kilo ya nitrojeni, na CAN, ambayo huchanganywa na chokaa kiwandani, hudai pungufu hata ya yurea. Ni wakulima wachache mno wanaoliingiza deni hilo katika hesabu za msimu.

Potasiamu nayo isisahauliwe. Sehemu yake kubwa hubaki katika mabua, nasi huyakata tukawalisha ng'ombe. Samadi isiporudi shambani, kila msimu tunahamisha potasiamu, na wala DAP, CAN au yurea haina hata chembe ya kuifidia.

Naiomba wizara ya kilimo pamoja na serikali za kaunti ziunganishe ruzuku na upimaji wa udongo. Ujumbe wa simu unaomjulisha mkulima mgao wake wa mbolea umweleze pia pH ya shamba lake na kiasi cha chokaa anachohitaji. Chokaa hiyo iuzwe katika ghala lilelile, kwa bei ya ruzuku, majuma kadhaa kabla ya kupanda, ili ipate muda wa kufanya kazi udongoni. Penye upungufu wa salfa, zinki au potasiamu, mkulima aruhusiwe kuchagua mbolea iliyo na madini hayo badala ya DAP.

Mkulima wa mahindi,
Trans Nzoia